Paneli ilisoma volti zote lakini betri haikujaa: jinsi tulivyolitafuta jua nyumbani kwetu Goma

Wakuu, salamu nyingi kutoka Goma, upande wa Mugunga, kwenye barabara ya kwenda Sake.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naleta la kwangu, na nitalieleza lilivyotokea bila kuongeza chumvi. Pale ambapo sikuelewa, nitasema sikuelewa.

Kiswahili chetu cha Kongo mtakisikia hasa watu wakianza kuongea. Mtanivumilia. Shule niliiacha mapema, ila kusoma sikuacha.

Naitwa Masika, mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Mama alikufa kwa ugonjwa. Baba alikuwa analeta maharage kutoka Rutshuru, na siku moja mapigano yalimkuta njiani upande wa Kalengera. Hakurudi.

Nikabaki na wadogo zangu wawili. Kavira yuko sekondari, ana mdomo ambao hata mwalimu wake anauogopa. Kakule ni kitinda mimba, bado anapoteza kiatu kimoja kila wiki.

Baba alituachia nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mawe ya volkano, paneli moja ya wati mia, na betri moja kubwa.

Paneli hiyo ndiyo ilikuwa shamba letu. Majirani walileta simu na taa zao tuzichaji, jioni tukapata unga. Hata mwaka ule volkano ilipolipuka, tukakimbilia Sake na magodoro kichwani, tuliporudi baba hakutazama mlango wala dirisha. Alitazama juu ya bati. Paneli ilikuwa pale, imejaa vumbi jeusi. Akacheka: "Volkano yenyewe haikuitaka."

Baadaye baba akaondoka kama nilivyosema, na baadaye zaidi vita vikafika mjini kwenyewe.

Waliokuwa hapa wanajua. Umeme wa mji ulikatika. Watu wenye bunduki walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, na paneli juu ya bati ilikuwa kama bango linalosema hapa kuna kitu, ingieni.

Nikaishusha. Lakini nikiificha chini ya kitanda, tutakula nini?

Nyumba yetu ina bati moja la plastiki, yale yanayopitisha mwanga ili ndani kusiwe giza. Nikaiweka paneli darini, chini ya bati hilo, juu ya boriti. Mtu wa nje haoni kitu, na jua linaingia. Nilijisifu sana siku hiyo.

Kidhibiti chaji, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri, kiliwasha taa yake ya kijani kama kawaida. Nikaona kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Kila siku betri ilikuwa inashuka kidogo. Simu zilizokuwa zinajaa mpaka mchana zikawa zinalala kwetu. Wateja wakahamia kwa jirani mwenye jenereta. Sikuwalaumu, simu ndiyo ilikuwa inawaambia ndugu zao wako wapi.

Katika hali hiyo ndipo baba mdogo akafika. Sisi tunamwita papa mudogo Kasereka. Ni mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa anapita kwenda Bukavu. Aliketi sebuleni kwetu, akatazama taa iliyokuwa inawaka kama macho ya mgonjwa.

"Masika, hapa munakula nini?"

"Tunakula, papa mudogo."

"Sikuuliza kama munakula. Niliuliza nini."

Kavira akadakia, akitaja ugali wetu na kisamvu: "Foufou na sombe. Jana ilikuwa sombe bila foufou."

Alicheka, lakini kicheko hakikukaa. Akasema: "Mimi nashuka Bukavu. Nikirudi na nyumba haijasimama, batoto hawa nabeba. Kavira kwangu Butembo. Kakule kwa shangazi yenu, Beni. Weye uko mukubwa, utajipanga."

Wakuu, huyu si mtu mbaya, msimchukie. Aliogopa kwa ajili yetu. Lakini mimi nilisikia kitu kimoja tu: watu watatu, miji mitatu.

Sikulia. Nilienda kumwita fundi Jules, wa umeme hapa mtaani kwetu.

Fundi akapanda darini na kipimo chake, akagusisha nyaya za paneli. "Ona mwenyewe. Dix-neuf." Volti kumi na tisa. Akagonga paneli: "Panno iko muzima kabisa. Betri njo ilishakufa, dada. Tuizike."

Betri mpya sikuwa nayo wala njia ya kuipata. Ila kitu kimoja kilinikera kichwani. Kama betri imekufa, itajulikana ikilishwa vizuri na ikakataa kula. Sisi tulikuwa tunailisha kweli?

Nikaibeba kwa yule jirani wa jenereta. Aliijaza siku nzima huku jenereta ikifanya kazi zake nyingine. Nilipoirudisha, taa yetu ikawaka jioni ile, na ya pili, na iliyofuata. Maiti wetu alikuwa na njaa tu.

Nikamrudia fundi Jules. Akakuna kichwa, akasema: "Basi mimi sijui." Kuanzia hapo nilimpenda. Mafundi wengi hawana sentensi hiyo.

Sasa tuna betri nzima, paneli nzima, nyaya tumezikagua, kidhibiti kina taa ya kijani. Na bado hakuna umeme. Hii iliniwasha kuliko upele, wakuu. Nikawa natembea nayo sokoni, naosha nayo vyombo.

Ndipo nikakumbuka uzi mmoja wa humu. Mwanachama alikuwa analalamikia pampu yake ya maji, na mmoja wenu akamjibu: usipime paneli ikiwa haina mzigo, ipe kazi kwanza ndipo uipime. Wakati nausoma sikuuelewa. Jukwaa hili lina vitu vinavyosubiri siku yake.

Nikamwomba fundi Jules balbu ya zamani ya taa ya mbele ya gari. Hiyo inakula umeme sana. Tukaiunga moja kwa moja kwenye paneli, ikiwa bado darini. Mchana, jua kali.

Uzi wa balbu ukawa mwekundu kidogo kama njiti iliyozimwa. Kipimo kilichokuwa kinasema kumi na tisa kikaanguka karibu na sifuri.

Tukaitoa paneli nje, tukailaza juu ya mawe uani. Balbu ikawaka mpaka tukafumba macho.

Kavira akaniambia mimi dada yake: "Yaya, kumbe tulikuwa tunaficha jua, hatukuficha panno."

Niliunga na kuungua mara kadhaa ili nielewe. (Hapa sikilizeni: funikeni paneli na nguo nzito kabla ya kugusa nyaya. Mimi nilijifunza kwa kidole.) Nilivyoelewa ni hivi, mnisahihishe:

Ziba bomba la maji kwa dole gumba. Utasikia maji yanasukuma. Hizo ndizo volti. Ukipima paneli isiyo na kazi, unapima msukumo kwenye bomba lililozibwa, na msukumo huo unafika karibu wote hata mwanga ukiwa hafifu. Toa dole. Kama yanatoka matone, huwezi kujaza bidoni, lile dumu la maji. Wingi wa kinachotoka ndio ampea, na huo unafuata mwanga. Mwanga ukipungua, nao unapungua.

Bati letu la plastiki lilikuwa la miaka mingi, limeingia moshi wa jiko kwa ndani na vumbi la volkano kwa nje. Jicho linadanganyika, linaona mle ndani kuna mwanga wa kutosha. Paneli haidanganyiki.

Na kulikuwa na la pili. Fito zinazobeba bati zilikuwa zinaweka kivuli chembamba juu ya paneli. Nikafikiri kivuli kidogo kinapunguza kidogo. Nikajaribu kule uani: nikafunika kwa kiganja kimoja tu kati ya vile vipande vya mraba. Balbu ikafifia ghafla.

Kwa nini? Mnajua tunavyofanya kazi za mtaa siku za usafi, tunasimama mstari na kupokezana mawe ya lava mkono kwa mkono. Mmoja akisimama kujikuna, mstari wote unasimama. Vipande vya paneli vimeungwa hivyo hivyo. Aliye kivulini anawachelewesha walio juani.

Haya, nimeelewa. Lakini kuelewa hakukuondoa watu wenye bunduki.

Juu ya bati sikutaka kuirudisha. Darini haina faida. Tulikaa watatu, tukasema wazi: ikiibiwa, papa mudogo atawabeba wote wawili na hatutakuwa na la kumjibu. Isipotoka nje, atawabeba vilevile.

Kakule akauliza: "Sasa kwa nini isikuwe inatembea?"

Nikamtazama. Kweli, nani alisema paneli lazima igongomewe?

Tulitengeneza fremu ya mbao yenye miguu, nyepesi, watu wawili wanaibeba. Asubuhi inatoka nyuma ya nyumba, ambako uzio wa miti umeshona. Jua likisogea, tunaisogeza. Jioni inalala nasi ndani, imefunikwa na kitenge cha mama. Mmoja wetu haondoki karibu nayo. Kavira alisomea pale masomo yake yote, shule zilipofungwa.

Tulijifunza mengine tukiwa pale. Mmarakuja, ule mpasheni uliotambaa kwenye uzio, ulikuwa unatupa kivuli kwenye kona saa za alasiri, tukaukata. Vumbi la volkano likishuka, paneli inakuwa kama imepakwa masizi, na siku moja nilimkuta Kakule ameshika konzi ya mchanga wa lava, ule tunaosugulia sufuria.

"Unafanya nini?!"

"Nasafisha. Sufuria zinangaa, hapana?"

Nilimfikia kabla hajagusa kioo. Mchanga ule ungekikwaruza chote. Maji na kitambaa laini, basi.

Na hili la jua: mtandaoni wengi wanaandika elekeza paneli kusini. Sisi tuko karibu sana na ikweta. Nilisimika fimbo uani, na kwa miezi kivuli cha saa sita kikawa kinaangukia upande mmoja, baadaye kikahamia wa pili. Hapa kwetu unailaza karibu tambarare, unaiinua kidogo tu ili mvua iteremke na vumbi lake.

Wateja wakarudi. Si wote, ila meza ikajaa nyaya tena.

Papa mudogo alirudi siku ya mawingu. Nilitamani aje siku ya jua, lakini hakuniuliza. Akapita nyuma ya nyumba, akamkuta Kavira na kitabu chake kando ya fremu, simu za watu zimepangwa ndani dirishani. Hakusalimia.

"Hii inafanya kazi na hili wingu?"

"Inafanya, ila polepole," nikamwambia. Nikamuungia ile balbu. Ikawaka hafifu. Wingu likapasuka kidogo, balbu ikapanda, likafunga, ikashuka. Papa mudogo akatazama juu, akatazama balbu, akatazama juu tena. Nikamwambia aweke kiganja kwenye kipande kimoja.

Akaweka. Akatoa. Akaweka tena.

"Mukono moja tu?"

"Moja tu."

"Bwana weee." Akavuta kigoda. Alikaa pale mpaka chai ikapoa, mtu mzima mwenye lori la bidhaa, anaziba na kuzibua kama mtoto.

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Kavira, tunaenda Butembo?"

Kavira akafunga kitabu.

"Papa mudogo, nikienda, panno atailinda nani? Yaya hawezi kubeba fremu peke yake. Na Kakule atasugua kioo na mchanga."

"Sikusugua!" Kakule akapiga kelele.

Papa mudogo alicheka, mara hii kicheko kikakaa. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini: "Niliogopa kwamba siku moja nitapigiwa simu tu. Mbona hukuniambia muko banguvu hivi?"

Nikamjibu ukweli. "Sikujua, papa mudogo. Nilikuwa natafuta."

Akaondoka kesho yake asubuhi, peke yake. Alituachia gunia la maharage na kusema likizo kubwa wote watatu twende kumsalimia, njia ikiruhusu. Aliyelia ni Kakule, na alilia kwa sababu hakupanda lori.

Nilichojifunza, wakuu: kitu kikikataa kufanya kazi, usikubali haraka kikiitwa marehemu. Ipe betri chakula uone. Ipe paneli kazi ndipo uipime. Usiweke kivuli hata chembamba. Na kama usalama unakuzuia kuipandisha juu ya bati, tafuta namna ya kuitembeza badala ya kuinyima jua.

Sasa naomba msaada, maana kuna jambo linaninyima raha. Fundi Jules aliniazima kipimo chake cha ampea. Siku ya jua safi bila wingu, napata kiasi fulani. Lakini siku yenye mawingu meupe yaliyopasukapasuka, jua likitokeza katikati yake, mshale unapanda kupita ule wa siku safi! Kwa muda mfupi, halafu unarudi. Nimeangalia mara nyingi, Kavira ni shahidi.

Jua ni lile lile. Huo wa ziada unatoka wapi?

Kavira anasema wingu linarudisha lilichoazima. Mimi nataka jibu la mtu aliyepima. Karibuni, na wenye kukosoa nao waje, nimekaa hapa kando ya fremu nasoma kila mtakachoandika.