Majani Niliyoyakata Okolona

Harufu ya dafodili za kwanza, yale maua ya njano ya mwisho wa baridi, hainijii peke yake. Huja na aibu kidogo, kama mgeni aliyemleta shemeji asiyealikwa. Mwezi huu zimechanua mbele ya nyumba yangu hapa Columbus, theluji ikiwa bado kivulini, na mimi, mwenye shahada mbili na goti moja zima, nimeinama kuzinusa.

Asili yake ni kwa Bibi Edna, jirani yetu wa Okolona, kule Louisville, nilipokuwa na miaka tisa. Mama yake ndiye aliyezipanda mpakani mwa uwanja wake na wetu, aina ya zamani isiyouzwa tena madukani. Zilitangulia maua yote ya mtaa. Zikishanyauka, majani yake yalilala hapo kwa wiki nyingi, kama walevi.

Mama yangu alikulia Kivu, ambako uwanja safi ni udongo mtupu uliofagiwa. "Bon, ile majani iko inangoja nini? Nyoka?" alinung'unika. Nikitaka sifa, nilichukua kisu cha jikoni nikayafyeka yote, kwa bidii ambayo sijairudia katika kazi yoyote.

Bibi Edna alitoka akashika mdomo. Akanieleza polepole, kwa Kiingereza, kwamba majani ndiyo yanayolisha kitunguu cha chini ya udongo, kile kinachozaa ua. Yakikatwa mabichi, mwakani hakuna ua. Machozi yalimlenga.

"Anasema je?" Mama aliuliza. Mkalimani wa familia nilikuwa mimi.

"Anasema uwanja wetu ni safi sana."

Mama alimtazama yule bibi, akanitazama mimi. Jioni alimpelekea mwenyewe sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akakaa huko saa nzima. Walizungumza kwa lugha gani, sijui.

Februari iliyofuata yalichipua majani matupu. Kila asubuhi Bibi Edna alisimama dirishani, nami nikapita nimeinamisha kichwa. Mama alipolima maharage, jembe lake liliyazunguka yale majani.

"Mama, nisiyatoe?"

"Wacha. Iko inakula."

Mwaka uliofuata, ua moja. Kisha matano. Nilipohama, Bibi Edna alinipa vitunguu kumi vya dafodili zile ndani ya soksi.

Leo nimempigia Mama simu na kukiri, miaka yote hii imepita. Amecheka hadi akakohoa.

"Wee mutoto! Mwanamuke analia, na mimi niambiwe uwanja ni safi? Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukunichapa?"

"Donc, ungejifunza nini? Ulikuwa ungali mubichi. Nilikuacha."