Mwisho Aliouficha Malimi Katikati

Roza alikuwa akipiga pasi joho la kwaya, nyumbani kwake Iringa, simu ilipoita. Alikuwa Ezron, rafiki wa mdogo wake Malimi.

"Dada Roza, kaa kwanza."

"Sema tu, Ezron."

"Malimi ametutoka. Kifua kilimbana alfajiri, hatukuwahi kumfikisha hospitali."

Roza alizima pasi, akapiga magoti, akamtajia Mungu jina la mdogo wake.

Malimi alikuwa mchora katuni wa Igawa. Alitoa fotokopi vijitabu vyake akawauzia abiria mabasi yaliposimama hapo. Abiria walikuwa wajanja: wanafunua ukurasa wa nyuma, wanacheka, wanarudisha. "Nimeshamaliza, mchoraji! Kauze mbele!" Malimi akawapatia dawa. Mwisho wa hadithi aliuhamishia katikati, akauwekea alama ya kengele. Nyuma aliacha ng'ombe aliyegeuza mgongo, na maneno: "Rudi kwenye kengele." Wakanunua.

Kisha abiria wakawa hawainui tena macho kutoka kwenye simu zao.

"Wamehamia huko, dada," Malimi alisema. "Na mimi Msukuma, niogope kuhama?"

Akaanza hadithi ya mfugaji anayeswaga ng'ombe kutoka Usukumani hadi Usangu, akaiweka mtandaoni, picha moja chini ya nyingine, msomaji ashushe kwa kidole. Ila mkono una mazoea: kipande cha kwanza alikipanga kama kijitabu, mwisho katikati. Mfugaji akavuka mto, halafu akaonekana bado anautafuta. "Ng'ombe wako wanatembea kinyumenyume!" aliandika msomaji wa Makongolosi. Roza alicheka hadi machozi, akazipanga upya picha. Tangu hapo Malimi akawa anachora, Roza anapanga, na kila Jumamosi wasomaji wa Mbeya hadi Mwanza walilipia kwa simu kusoma kipande kipya.

Kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho. Roza hakutaka mdogo wake azikwe huku mfugaji wake yuko njiani.

Msibani Igawa, Ezron alimletea michoro ya kipande hicho. "Hakumaliza, dada. Ya chini kabisa ni ng'ombe tu, kageuza mgongo."

Roza aliketi mkekani na kina mama, akafunua katikati. Kengele ilikuwepo. Chini yake mfugaji alikuwa akifungua zizi jipya, ng'ombe wote wakiingia.

"Bwana asifiwe!" alisema, wanawake wakageuka.

Aliipiga picha michoro yote, akaipanga, akairusha mtandaoni. Asubuhi ya maziko simu za waombolezaji zililia mfululizo. Watu wasiowajua waliandika: "Amefika!" Vijana wakawasomea wazee kwa sauti.

"Kawafikisha ng'ombe?" mama yao aliuliza.

"Wote, mama."

Mama akajifunga kanga vizuri, akasimama wima.

Mchungaji alisoma Neno, kwaya ikaimba. Jeneza likashushwa. Mama alitupa udongo, akafuata Roza, kisha Ezron. Vijana wakafukia kaburi, wakasimika msalaba, mashada yakawekwa. Baada ya sala, watu walirudi nyumbani kula.