Ubao wa Siku Kumi na Nne

Kila aliyepita katika shule ile, awe mwanafunzi au mwalimu, alimjua kwa jina la Mwalimu Ratiba, na wapo ambao wangekuapia kwamba ndilo alilopewa na wazazi wake. Alifundisha jiografia, na aliifundisha vizuri, ila sifa zake hazikutoka huko. Zilitoka kwenye ubao. Kwa miaka ishirini na sita, kila muhula ulipokaribia kuanza, alijifungia katika stoo ya vitabu na ubao laini mpana kama mlango, kopo la pini, na vikadi alivyovikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi ya chaki. Kila mwalimu alikuwa na rangi yake. Siku ya tatu alitoka humo macho mekundu, nyusi zimejaa vumbi, na shule nzima ilikuwa imeshakaa sawa: hakuna mwalimu aliyetakiwa mahali pawili kwa wakati mmoja, wala darasa lenye walimu wawili wanaotazamana mlangoni.

Rangi mbili katika mraba mmoja, hicho ndicho alichokiita mgongano, na neno hilo alilitamka kama wengine wanavyotamka kunguni. Alijigamba kwamba katika miaka yote hiyo ratiba yake haikuwahi kutoka stoo na mgongano hata mmoja. Tumwache ajigambe, maana ilikuwa kweli.

Shule ilipoletewa kompyuta ya kupanga vipindi, yeye akiwa amebakiza miezi miwili kustaafu, ubao ulitupwa nje pamoja na madawati mabovu. Aliukodia mkokoteni ukaja nyumbani. Mkewe alipouona unaingizwa sebuleni kwa ubavu alishika kiuno.

"Huo unakaa wapi, Mwalimu?"

"Ukutani."

"Ukuta upi? Huu wenye picha za watoto?"

"Picha zitasogea kidogo."

Picha zikasogea. Mkewe hakuwa na muda wa kugombania ukuta. Alikuwa mkunga katika hospitali kubwa ya mji, na ukuta wenyewe aliuona kwa zamu.

Hapo ndipo ilipokuwa hadithi ya ndoa yao. Bwana alitoka nyumbani kengele ya shule ikikaribia, bibi akiwa ndiyo kwanza anarudi viatu mkononi. Walikutana mlangoni, wakaulizana habari za watoto, wakapishana. Watoto watatu waliwalea kwa kupokezana, kama watu wanaobeba kabati kubwa ngazini, mmoja akishika mwingine anatua. Mengine waliambiana kwa vikaratasi mlangoni mwa friji: wa kati ana homa, dawa saa nane, fundi bomba kaja, kasema atarudi, hatarudi. Walipendana, asikudanganye mtu. Kuna vikaratasi ambavyo Mwalimu hakuvitupa mpaka leo, amevihifadhi katika kamusi. Lakini likizo ya pamoja hawakuwahi kuipata. Shule ilipofungwa, hospitali ilikuwa na upungufu wa watu. Hospitali ilipomruhusu bibi, shule ilikuwa kwenye mitihani. Mtu aliyeweza kuwapanga walimu thelathini na mmoja alishindwa kuwapanga watu wawili, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali kusema.

Sasa bibi naye alikuwa amestaafu. Mwezi mmoja wa kwanza aliumaliza kwa kusafisha vitu visafi. Alifua mapazia yaliyofuliwa, akapanga makabati ambayo hayakumkosea kitu. Jumatatu moja daktari aliyewahi kufanya naye kazi akampigia simu. Alikuwa anafungua zahanati yake, alihitaji mkunga mzoefu, na jibu alilitaka Ijumaa kabla hajafunga ofisi, saa kumi na moja jioni.

"Zamu tu kama kawaida," bibi alisema, akimimina chai. Mwalimu aliona jinsi uso ulivyomchangamka. Alijiona tena peke yake mbele ya friji akisoma karatasi.

"Tusafiri," alisema. Hakujua neno lilikotoka.

"Kwenda wapi?"

"Kote. Miji ya kale, maziwa, milima. Wiki mbili. Sehemu zote nilizokuwa nikizionesha kwa fimbo kwenye ramani."

Bibi alimtazama juu ya kikombe. Hakucheka, ingawa pembe ya mdomo ilikaribia.

"Haya, nioneshe. Nimechoka kuhesabu vigae. Ukinipa safari ya kunifanya niiache sare kabatini, Ijumaa nampigia daktari mimi mwenyewe nimkatalie. Usiponipa, Jumatatu naingia kazini."

Mwalimu Ratiba alikuwa amepewa siku nne, na aliwahi kuipanga shule nzima kwa tatu. Asubuhi ya Jumanne aliuzungushia ubao kamba za uzi: siku kumi na nne kwenda chini, vipindi vinne kwenda pembeni. Akakata vikadi vyekundu vyake mwenyewe, na vya buluu vya mkewe, kwa sababu buluu ndiyo ilikuwa rangi ya sare ya wakunga. Akatoa atlasi. Kulikuwa na Mji wa Kuta, ambao ngome yake alikuwa ameichora ubaoni mara zisizo na idadi bila kuwahi kugusa jiwe lake. Kulikuwa na mji wa pili wenye maktaba ya kale, kisha ziwa kubwa, ziwa dogo ndani ya mdomo wa volkano, na mwisho milima. Alipiga mluzi. Tangu astaafu hakuwa amepiga mluzi.

Katika mraba wa kwanza, Mji wa Kuta, asubuhi, alibandika kikadi chekundu na cha buluu. Akarudi nyuma hatua mbili kutazama. Jicho la kushoto likamcheza.

Alijaribu kulipuuza. Akabandika mraba wa pili, jicho likazidi. Kitu hakikukaa sawa pale, na mkono wake, ambao ulifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, ukaenda wenyewe ukachomoa kikadi cha buluu, ukaugawa mraba kwa uzi mwingine, ukakibandika upande wa pili. Jicho likatulia. Sababu zikaja baadaye, na zilikuwa nzuri: mizinga ya ngomeni ingemchosha mkewe bure, wakati mtaa wa nyuma kulikuwa na jumba la makumbusho lenye vifaa vya wakunga wa zamani. Ziwani, mashua humchafua yeye tumbo, basi mkewe apande mashua naye aende kituo cha hali ya hewa. Milimani magoti ya mkewe hayawezi, basi yeye apande mpaka kibanda cha pili, mkewe apumzike kwenye chemchemi za maji moto. Kila mmoja apewe kilicho bora kwake. Alifanya kazi kwa furaha mpaka Jumatano jioni, na ubao ukatoka mzuri, rangi zimetawanyika kama kitenge.

Alhamisi alinakili yote kwenye karatasi ya miraba akaenda ofisi ya safari, kuulizia vyumba na mabasi. Nyuma ya meza alikaa binti mwenye miwani mikubwa, mchangamfu, ambaye aliipokea karatasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu tazama kama inawezekana."

Binti alipitisha macho, akarudia, akainua kichwa.

"Inawezekana, mzee. Ila naomba kuuliza. Huyu mwekundu na huyu wa buluu, wanajuana?"

"Wanajuana?" Mwalimu alitoa macho. "Huyo ni mimi. Huyo mwingine ni mke wangu!"

"Ah! Samahani, mzee. Hongereni sana." Alishika kalamu. "Kwa hiyo vyumba viwili?"

"Kimoja, binti! Kimoja!"

Alitoka akinung'unika. Njia nzima alijiambia kwamba vijana wa siku hizi hawajui kusoma ratiba.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alimketisha mkewe kwenye kiti mbele ya ubao, akashika fimbo yake ya darasani, akaeleza siku ya kwanza mpaka ya kumi na nne bila kumeza mate. Alieleza miinuko, vina vya maziwa, umri wa kuta. Alipomaliza alibaki amesimama kifua mbele, kama mtu anayesubiri makofi.

Bibi alivaa miwani, akasogea. Wakunga na wauguzi wana namna yao ya kusoma orodha ya zamu, hawafundishwi na mtu: kwanza unatafuta jina lako, halafu unatazama uko na nani. Ukiwa na mtu mwema, hata usiku wa wajawazito kumi wenye uchungu unapita. Bibi alishusha kidole kwenye safu, akitafuta buluu.

"Siku ya tatu mchana, ziwa kubwa, mashua. Ni mimi huyu?"

"Ndiyo. Utalipenda. Lina kina cha..."

"Niko na nani?"

Mwalimu alitazama ubao. "Na... nahodha."

"Na nahodha. Wewe uko wapi?"

"Kituo cha hali ya hewa. Unajua mashua inavyonichafua."

"Siku ya kumi, chemchemi za maji moto. Niko na nani?"

Kidole kiliendelea kushuka polepole, siku baada ya siku, na fimbo mkononi mwa Mwalimu ikaanza kuinama yenyewe. Bibi alifika chini, akarudi juu kuhakikisha.

"Mara nne," alisema. "Siku kumi na nne, tuko pamoja mara nne. Na mara tatu tuko ndani ya basi."

"Mke wangu, nilichagua kila kitu kwa ajili..."

"Najua. Umejitahidi, ubao ni mzuri." Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa nguo. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Ila zamu hii naijua, Mwalimu. Nimeifanya miaka thelathini na miwili."

Akainuka akaenda chumbani. Muda si mrefu Mwalimu alisikia mlango wa kabati, kisha meza ya kupigia pasi ikikunjuliwa miguu yake ya chuma. Saa ya ukutani ilionesha saa tisa na nusu.

Alibaki amesimama pale. Wanajuana? Binti yule alikuwa ameisoma ratiba vizuri kuliko mwenyewe aliyeitunga. Mwalimu aliona haya, haya ya mtu mzima, inayopanda kutoka shingoni. Alikuwa ameomba apewe mkewe kwa wiki mbili, akapewa, kisha kwa mikono yake mwenyewe akamweka mtaa wa nyuma. Hakuna hospitali ya kulaumu safari hii, wala shule.

Akaweka fimbo chini, akaanza kung'oa pini pamoja na nyuzi alizogawia miraba. Alizing'oa zote, mpaka kopo likajaa na vikadi vikatapakaa sakafuni. Kisha akachukua chekundu kimoja na cha buluu kimoja, akaviweka kimoja juu ya kingine, akakandamiza pini katika mraba wa kwanza. Boksi la chaki ni gumu. Vikadi viwili kwa pamoja vilikuwa vinene mno kwa pini ile fupi, vikaanguka. Akajaribu tena, vikaanguka tena.

"Mama watoto!" aliita. "Njoo unishikie."

Bibi alitokea mlangoni. Alitazama sakafu, akatazama ubao mtupu, akamtazama mumewe aliyekuwa na pini mbili mdomoni kama fundi cherehani.

"Nishike wapi?"

"Hapa. Vyote viwili. Bana sana."

Alibana, Mwalimu akasukuma pini kwa kidole gumba mpaka ikaingia. Wakaenda mraba wa pili. Ngomeni pamoja. Makumbusho pamoja, na Mwalimu akaapa hatatoka nje hata akioneshwa koleo la aina gani. Walipofika ziwa kubwa alisita.

"Ndani ya mashua nitatapika. Nakwambia mapema."

"Nimepokea watoto zaidi ya elfu nne. Matapishi ya mzee mmoja ndiyo yanishinde?"

Mwalimu alicheka pini ikamtoka mdomoni, wakaitafuta wote wawili chini ya meza kwa magoti. Milimani walikubaliana kuishia pale gari linapoishia na kuitazama milima kutoka kwenye benchi. Mambo mengi hayakuenea tena. Mji wa maktaba uliondoka, ziwa dogo likafuata na volkano yake, na Mwalimu aliyaaga kwa uchungu kidogo. Siku ya tisa asubuhi mraba ukabaki wazi.

"Hapa pana nafasi," alisema. "Tuweke nini?"

"Paache."

"Patupu hivi hivi?"

"Vibandike vikadi tu. Usiandike kitu."

Akabandika. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa kumi na moja. Bibi alichukua simu, akasimama dirishani. "Daktari, asante sana kwa kunikumbuka," alisema. "Hapana, siji. Hata mwezi ujao, hapana. Nina safari na mume wangu." Upande wa pili daktari alisema jambo, na bibi akacheka, kicheko ambacho Mwalimu hakuwa amekisikia mchana kwa miaka mingi.

Ndipo alipokumbuka. "Mama! Pasi! Itachoma sare!"

"Nilishaichomoa."

"Saa ngapi?"

"Nilipokusikia unang'oa pini."

Mwalimu Ratiba akarudi nyuma hatua mbili, kama alivyofanya kila mwanzo wa muhula, kukagua kazi. Nyekundu na buluu, nyekundu na buluu, toka juu mpaka chini, mraba baada ya mraba, mgongano mtupu. Jicho la kushoto likaanza kumcheza. Akaliacha licheze.