Chemchemi Chini ya Uwanja

Kila ninaposikia harufu ya chokaa mbichi, mimi hugeuza njia. Ndiyo harufu iliyotujia kule Mella, miaka michache baada ya uhuru, kijiji chetu kilipochaguliwa kuwa mwenyeji wa mashindano makubwa ya riadha, ya wakimbiaji wa pande zote mbili za mpaka. Wanaume walisawazisha ardhi wakachora mistari myeupe juu ya udongo mwekundu, nasi watoto tukashinda tukipiga chafya na kucheka. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kuona kitu kizuri kama mistari ile.

Tatizo lilikuwa moja: uwanja ulipaswa kupita juu ya chemchemi ya nyanya. Naiita yake kwa sababu yeye, mama yake baba, ndiye aliyeisafisha kila Jumamosi tangu alipoolewa, akiopoa majani na kuwafokea waliotumbukiza vyungu vichafu, na hakuna aliyethubutu kuigusa bila ruhusa yake. Alikataa katakata. Baba, karani wa serikali katika ofisi ya gombolola, na mtu wa maneno matamu, alikuja kumbembeleza siku tatu mfululizo. Alimweleza kwamba mabomba yangeletwa kutoka Tororo mjini, mfereji ungesimama nje ya mlango wake, na asingeinama tena na mgongo wake ule mbovu. Nyanya akamwuliza kama maji hayo yangebaki wageni wakishaondoka.

"Yatabaki, mama," baba alisema. "Mimi mwanao nakuambia."

Basi akakubali, na kwa kuwa chemchemi ilikuwa yake, akapewa heshima ya kumwaga karai la kwanza la kifusi. Aliifukia kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ya mashindano mimi ndiye niliyefungua mfereji mbele ya wageni, nimevaa gauni jeupe alilonishoneshea baba, watu wakipiga makofi. Nilijiona malkia. Wakimbiaji walikunywa, wakanawa, wakashindana, wakaenda zao. Wiki iliyofuata lori likaja, na mafundi wakaanza kufukua mabomba. Nyanya alisimama juu ya bomba la mwisho, wakamngoja kwa adabu. Kisha fundi mmoja akamwambia kwa Kiswahili chetu cha mpakani, "Mama, sisi natumwa tu. Hii bomba ilikuwa ya kuazima. Karani anajua, yeye ndiye aliweka sahihi." Nilimtazama baba, aliyekuwa kando ya lori, nikasubiri akane.

Tukaanza kuchota maji mto Malaba, mwendo wa saa nzima, nyanya akitutangulia na mgongo wake. Hakumsema baba hata siku moja, ila hakupokea tena kikombe kutoka mkononi mwake. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza baba kwa nini alifanya vile. "Ningemwambia ukweli, angekataa," alinijibu, kana kwamba hilo ni jibu. Liliniuma upya, maana hata mimi alinivalisha lile gauni akijua.

Leo watoto wanakimbia pale, na sikatai, wamo wenye mbio kweli. Uwanja umepewa jina la baba. Siku tulipomzika, wakubwa walisimama mmoja baada ya mwingine wakamshukuru kwa maendeleo aliyotuletea. Mimi sikuzisikia hotuba zote. Nilikuwa njiani kutoka mtoni, ndoo kichwani, nikiwaletea maji ya chai.