Seli Nilizompa Mdogo Wangu

Jamani, mshawahi kuona mtu akishambuliwa na damu iliyoletwa kumponya?

Mimi nimeona. Tena ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja.

Aliugua saratani ya damu. Akahitaji uboho, ule wa ndani ya mifupa, wa mtu anayelingana naye. Nikapimwa. Nyumbani nikawaambia hatulingani, mama akalia hadi nikatoka nje.

Akapatikana mtu baki aliyekaribiana naye. Mwezi wa pili baada ya kupandikizwa, ngozi ya mdogo wangu ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Akaharisha mpaka akashindwa kusimama.

"Kinga ya yule mtoaji inamwona yeye ndiye adui," daktari akatuambia.

Dawa zote zikagonga mwamba. Ikabaki kujaribu seli shina za mesenkaima.

"Ndiyo nini tena hizo?" mama akauliza.

"Zinatoka kwenye uboho vilevile, mama, ila hizi hazipigani. Tunazikuza maabara, tunampa kwa dripu, zinaituliza kinga iliyochachamaa. Si lazima mtoaji alingane naye."

Si lazima alingane! Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikachomwa sindano ya nyonga, wala sikuguna.

Wiki ya tatu baada ya dripu, kuharisha kukakoma. Ngozi mpya ikaanza kuota. Mama akanitangaza kwa manesi wote: "Huyu ndiye mwokozi wetu!" Nami nikavimba kichwa.

Siku ya kuruhusiwa, mdogo wangu akaomba tubaki wawili.

"Dada, asante kwa seli."

"Usijali, mdogo wangu."

"Lile koti ulilonifunika siku ya majibu lilikuwa na karatasi mfukoni. Tulilingana, dada. Kila kitu."

Nikausukuma mlango ufunge, mama asisikie.

Ndiyo, tulilingana. Nilikataa, daktari akanitunzia siri, kwa sababu mdogo wangu alinifukuza kwenye karakana yetu ya makochi, akasema mbele ya wateja kwamba mshono wangu umepinda. Nikasema moyoni, acha aone.

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme mwenyewe. Nikangoja hadi ngozi ikanitoka."

Akaniomba nisikanyage tena kwake. Yu hai, anafanya kazi, na mimi sijamtia machoni tangu siku hiyo.

Lichukueni somo langu, ingawa ni chungu. Ndugu akilala kitandani, kinyongo kiacheni siku ileile ya kwanza. Mimi nilijitolea nilipokwisha kumwona akiteketea, halafu nikataka nishukuriwe.

Mama hakuambiwa. Bado ananiita mwokozi, na sina ubavu wa kumsahihisha.