Kwenda Kitope Kuoa

Lori lililokuwa litupeleke harusini kwangu halikuja. Siku yenyewe asubuhi dereva alituma mtu kutwambia limechukuliwa kubeba mawe ya Michenzani, ambako majumba marefu ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kupanda. Wazee wetu washatangulia Kitope tangu jana yake, na ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri. Mimi na vijana wenzangu tulibaki barazani, Mji Mkongwe, tumenyoa, tunanukia, na hatuna usafiri.

"Tunakwenda kwa baiskeli," alisema mpambe wangu. "Kitope si Bara."

Yeye alikuwa mwashi, kila siku akipiga pedeli kutoka kwao Kiembe Samaki mpaka kazini na kurudi. Na wale wengine hawakuwa mbali naye kwa nguvu za miguu. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Miguu yangu ilizoea kibao cha cherehani, kivulini. Lakini bibi harusi alikuwa ananisubiri mimi, si wao. Niliazima baiskeli ya jirani, nikaifunga nyuma kanzu niliyojishonea kwa mkono wangu, na tukaondoka.

Mpaka Bububu nilikwenda nao sawa, hata kuimba niliimba. Tulipoiacha pwani na kukata kulia kuelekea Kizimbani, njia ikainuka. Kilima kimoja kilikwisha, kingine kikaanza, na mikarafuu huku na huku inanukia vizuri mpaka nikaichukia. Mpambe alipunguza mwendo akawa ubavuni kwangu.

"Shuka usukume, bwana harusi. Hapana anayekuona."

"Sishuki."

"Basi tazama gurudumu langu tu. Usitazame juu."

Nilitazama gurudumu lake. Wenzetu walikuwa washafika kileleni, wananipigia makofi na vigelegele kama wanawake. Kicheko kikanishika, nguvu zikanitoka, na baiskeli ikanilaza mtaroni kwenye udongo mwekundu. Sikuumia. Ila kanzu ilifunguka, na tulipoiokota ilikuwa nyekundu kifuani mpaka chini.

Nilikaa nikalia. Mtu mzima, siku ya harusi yake. Wenzangu walikaa nami kwenye majani, hapana aliyecheka. Mpambe alinipa maji, akanifuta uso kwa shati lake mwenyewe, akaniambia, "Wao wanakutaka wewe, hawakuitaka kanzu." Kisha tukapanda tena. Vilima vilivyobaki sikumbuki hata vilikuwa vingapi. Nakumbuka mkono wake tu, umenishika mgongoni kila njia ilipoinuka.

Tulifika Kitope alasiri inaadhiniwa. Nyanya yake bibi harusi alitoka uani, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuoa au kulima?"

Nilimweleza. Alinitilia maji ya moto nikaoge, na nilipotoka nilimkuta amesimama na kanzu mkononi, imekunjwa, ina harufu ya udi. Ilikuwa ya mwanawe, baba yake bibi harusi, aliyefariki mchumba wangu akiwa bado mdogo. Ilinipwaya mabegani na chini iliniishia juu ya vifundo. Kwa jicho la fundi niliona ilishonwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Niliivaa nikaenda kusali, na baada ya sala nikaozeshwa na baba yake mdogo, miguu bado inaniwaka kwa vilima.

Nilipoingizwa chumbani, mke wangu alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa, macho chini kama alivyofundwa. Niliinama nimwekee mkono kichwani nisome dua. Hapo ndipo msuli wa mguu uliponikaza. Nilipiga ukelele, nikaangukia ukingo wa kitanda.

Aliinua kichwa. Kwanza aliiona kanzu. Aliushika upindo wa mkono wa kanzu, akaupapasa kwa vidole, na mimi nikavumilia maumivu nisimkatize.

"Kakupa bibi?"

"Kanipa. Yangu imechafuka njiani. Tumekuja kwa baiskeli."

"Kwa kilima cha Kizimbani?"

"Kwa hicho hicho."

Akacheka. Alisahau yote aliyofundwa, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka, na nje wanawake wakanyamaza wasikilize. Kisha akachukua mafuta ya nazi aliyowekewa kwa ajili ya nywele zake, akaniambia, "Nyoosha mguu."

Niliunyoosha. Alinikanda polepole, kuanzia kisigino kwenda juu, akiniuliza kila mara, "Hapa? Na hapa?" Nikawa namjibu ndiyo hata pale pasipouma.