Fundi Asiyechungwa

Nilipoanza ufundi, hakuna mwenye lori aliyeniacha peke yangu na injini iliyofunguliwa. Mwenyewe alikuja asubuhi na mapema, akatafuta kreti ya soda au tairi kuukuu, akaketi kando yangu mpaka jioni. Alinichunga. Kila mtu anajua kwamba fundi akiachwa na injini wazi, nozeli nzima, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, zinaweza kutoka na zilizochakaa zikaingia, na mwenyewe hatagundua mpaka lori limshinde kwenye mwinuko likiwa na mzigo. Kwa hiyo walikaa. Na mtu hawezi kukaa siku nzima akimtazama mwenzake mikono bila kufungua mdomo. Walinihadithia ndoa zao, kesi zao za mashamba, maradhi ya wazazi wao. Tulinunua mihogo ya kukaanga tukala kwenye karatasi moja. Wakati ule nilikuwa nikiudhika, naona ninafanywa mwizi. Sikujua kwamba nilikuwa napata wageni kila siku bila kuwaalika.

Kisha jina langu likaenea. Kuanzia Dabaso mpaka Mambrui watu wakaambizana kwamba yule fundi wa bara hagusi kitu cha mtu. Tangu hapo wananiachia magari kama wanavyomwachia dobi nguo. Wanaleta lori, wananipa funguo, wanapanda bodaboda. "Ukimaliza nipigie, fundi." Hata jina sikumbuki vizuri la mtu ambaye injini yake naijua mpaka ndani ya tumbo.

Naishi nyuma ya gereji yangu, kando ya barabara kuu hapa Dabaso, chumba kimoja cha mawe na bati. Mke wangu alirudi bara zamani kuangalia shamba la mama yake, akazoea. Mimi nikabaki huku, nikazoea. Watoto hupiga simu Jumapili, huniuliza hali, nami huwaambia niko sawa. Na kweli huwa niko sawa. Ila kuna siku inafika adhuhuri sijasema neno hata moja, na nikilisema hilo la kwanza sauti inatoka ikikwaruza, nashtuka mwenyewe. Upweke wangu ni wa namna hiyo, hauna msiba wala kisa, na ndiyo maana naona haya kuulalamikia.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokwisha, lori moja lilivutwa kwa mnyororo mpaka uwanjani kwangu. Lilikuwa limechemka njiani likitoka Jilore na mahindi. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikaona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo huhitaji kuuliza mengi. Gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake ili maji, oili na moto visikutane, ilikuwa imeungua.

Mwenye lori alifika na teksi. Alikuwa mama wa Mambrui, mtu mzima kunishinda, amevaa buibui na viatu vya raba, na mkononi kashika mbuzi ya kukunia nazi. Lori lilikuwa lake mwenyewe, na lilikuwa hilo moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Waonaje?"

"Nitafungua hedi leo. Nikishaiangalia nitakupigia simu."

"Hunipigii simu," akasema. "N'taketi papa hapa. Mimi n'shaliwa na mafundi wawili. Wa tatu hanili na macho yangu yako wazi."

Akaikunjua ile mbuzi kwenye kivuli cha lori, akaikalia, akatoa nazi kwenye mfuko aliokuja nao, akaanza kukuna huku ananitazama. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Ilibidi niiname ndani ya injini nijifanye natafuta bolti.

Siku ya pili nilimwonyesha hedi. Kandokando ya matundu ya maji chuma kilikuwa kimelika, kimekuwa na vishimo vishimo.

"Dereva wako hutia maji ya wapi kwenye rejeta?"

"Ya kisimani kwangu, fundi. Maji mazuri hayo, twayanywa."

"Nyinyi mmeyazoea na chumvi yake. Chuma hakiwezi."

Akasema mafundi wawili wale walimuuzia rejeta mpya na pampu mpya, na hakuna aliyemuuliza habari ya maji. Nikadhani ameniamini, moyo ukanivunjika. Lakini nilipogeuka kuchukua spana nilimwona anazihesabu bolti kwenye beseni, midomo ikicheza. Nikashusha pumzi.

Hedi ilikwenda Mombasa kuchongwa uso. Nilifikiri siku hizo atapumzika kwake. Akaja. Alisema injini iliyobaki nayo ina vitu vya kuibwa. Kwa kuwa sikuwa na kazi kubwa, nilikaa chini kukwangua mabaki ya gasketi kwa wembe, taratibu, nikitafuta hata pale palipokwisha kutakata. Yeye akazungumza. Mwanawe wa pekee yuko Arabuni, anaendesha gari la watu, na kila akirudi anakuta mama amezeeka na mama anakuta mwana amekuwa mgeni. Aliniuliza kama sina mtu. Nikamwambia ninaye, yuko bara.

"Hata mimi ninaye," akasema. "Yuko Arabuni."

Akanifungulia bakuli la wali na samaki wa kupaka, akanicheka nilivyokuwa nakula, eti watu wa bara twala wali kama tunaopakia mchanga. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu alinicheka nikila. Jioni alipoondoka uwanja ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa asubuhi, nami nikawa nachungulia barabarani bila sababu. Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja tu: aendelee kunishuku.

Hedi iliporudi, alasiri moja baada ya yeye kwenda zake, nilikaa na beseni la dizeli kuosha nozeli. Ndipo nilipoona. Kila nozeli, chini kidogo ya shingo, ilikuwa na doa dogo jekundu. Nikalikwangua moja kwa ukucha: rangi ya kucha, ile wanayopaka wanawake. Alikuwa ametia alama, labda siku niliyokwenda mjini Malindi kununua gasketi, ili siku ya kurudisha ajue kama ni zake. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Mafundi wawili walimfundisha kazi vizuri.

Kisha nikaacha kucheka. Nozeli zilikuwa nyeusi kwa masizi na dawa yake ni brashi ya waya. Brashi ingezifuta alama zote, tena kihalali kabisa, ni kusafisha tu. Angekuta hazina alama, angenikunjia uso, angerudi kesho na keshokutwa, pengine na mwaka mzima, kila lori likikohoa. Nilikaa na nozeli moja mkononi, kidole gumba kimefunika lile doa, kwa muda ambao fundi mwenye akili timamu hakai. Niseme kweli, nilitamani sana. Halafu nikachukua kitambaa badala ya brashi, nikasafisha kuzunguka kila doa, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto uso bila kumwamsha.

Kesho yake tukaanza kuifunga injini. Nasema tukaanza, maana hedi ya lori si kitu cha mtu mmoja. Niliining'iniza kwa mnyororo, nikaiteremsha kidogo kidogo juu ya gasketi mpya, mimi nikiwa upande huu na yeye upande wa pili, buibui kalikunjia kiunoni.

"Kwako imekaa kwenye pini?"

"Bado. Sukuma kwangu. Kidogo. Sasa rudi. Hapo hapo, fundi, hapo hapo."

Ikakaa. Nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza kwa mkono mwepesi, wa pili kwa nguvu, wa mwisho kwa spana ndefu ya kipimo, na kila mzunguko alitaka kujua kwa nini sianzii pembeni. Nikamweleza kwamba ukianzia pembeni katikati kunabaki pumzi, na hiyo pumzi ndiyo itakayompeleka kwa fundi wa nne. Nikarudisha fito zinazosukuma valvu, kila moja tundu lake. Tukageukia manifoldi, bomba pana linaloingiza hewa. Gasketi yake ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka, lori likawa linavuta vumbi la Jilore lote. Alinishikia ile mpya isiteleze mpaka nikaingiza bolti za kwanza. Mikono yake ilichafuka na hakujali, na mimi sikuwa na haraka.

Zikabaki nozeli. Nilizitia moja moja, na kwa kila moja aliinama karibu, akaangalia, akarudi kuketi. Ya mwisho ilipoingia aliendelea kusimama.

"Fundi, uliziona?"

"Niliziona, mama."

"Na hukuzifuta."

"Hazikuwa zangu kuzifuta."

Akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, akafuta macho kwa pembe ya buibui. Akaniambia nimsamehe. Nikamwambia hakuna kosa, angeweka alama hata kwenye kofia yangu. Nilisema hivyo kwa kutania, lakini nilishajua kinachofuata, kwa sababu alikuwa ameanza kufunga vitu vyake na bado jua lilikuwa juu.

"Basi kesho sina haja ya kuja," akasema. "N'tapumzika nami. Malizia tu."

"Kesho ndiyo kuiwasha," nikamwambia. "Mwenye gari huwa anakuwepo ikiwashwa."

"Nije kufanya nini, fundi? Wewe si mtu wa kuchungwa."

Alilisema kama zawadi, na lilikuwa zawadi, ndiyo maana sikuweza kumrudishia. Nilitaka kumwambia, mama, njoo tu uketi, ukune nazi zako, usinichunge. Maneno hayo ni mepesi, mtoto anaweza kuyasema. Mimi nilisema, "Haya mama, karibu tena," kama ninavyowaambia watu wote, na nikamsimamishia bodaboda.

Kesho yake nikapima nafasi za valvu, nikafunga kifuniko, nikatia oili safi na maji ya kununua. Nikapampu dizeli kwa mkono mpaka hewa yote ikatoka kwenye mabomba. Nikapanda, nikazungusha ufunguo. Ilizunguka, ikakohoa, ikashika. Moshi mweupe ulitoka kisha ukakatika, na injini ikatulia, haivuji popote, inapumua sawasawa. Wenye magari wa zamani wakati huo hawakuwa wakiiangalia injini. Walikuwa wakiangalia uso wa fundi, ili wajue kama wafurahi. Niligeuza uso huku na huku na ulikuwa uso mzuri, wa kazi iliyokwenda vyema, na sikuwa na wa kumwonyesha.

Nikampigia simu. "Mama, sikiliza." Nikanyoosha mkono, nikaisogeza simu karibu na injini, nikaishikilia hapo muda mrefu. Nilipoirudisha sikioni alikuwa anashukuru.

"Naisikia, fundi, alhamdulillahi. Mungu akujaalie kheri. N'tamtuma dereva aje alichukue."

Kabla hajakata nikasikia sauti ya mtu mwingine kule kwake, ikiuliza jambo, naye akamjibu akiwa ameiweka simu mbali kidogo na mdomo.

"Ndiye fundi wangu wa kule Dabaso. Nawe lori lako mpelekee yeye. Wala usijisumbue kuketi, muachie tu uende zako."

Nikasema ahsante mama, ingawa hakuwa anazungumza na mimi.